Chenji ya Kwenye Kiatu

Wiki yake ya kwanza kazini, Mama Shuka nusura afukuzwe kwa kosa la uaminifu. Alikuwa ameajiriwa kufua na kutandika katika nyumba moja ya wageni, na mchana huo aliingia chumba cha mwisho wa korido akiwa na shuka safi begani. Chumbani hamna mtu, bafuni maji yanamwagika, na nyuma ya mlango vimekaa viatu vya kiume, vyeusi, pua zimeelekezwa ukutani. Ndani ya kiatu cha kushoto mna hela. Si sarafu moja iliyoponyoka mfukoni, la! Noti ndogondogo zimekunjwa zikakunjika, zimesukumwa mpaka mbele kabisa, pale vidole vinapolala. Huyu mwanaume ana akili timamu kweli? Mama Shuka akajiuliza. Akazichomoa, akashuka nazo mbio mpaka mapokezi, akamkabidhi Tajiri.

Tajiri ndiye mwenye nyumba, mtu wa tumbo kubwa na funguo nyingi kiunoni, akicheka na funguo zinacheka. Siku hiyo hakucheka.

"Umezitoa wapi?"

"Kwenye kiatu."

"Toba! Rudisha! Rudisha kabla mwenyewe hajavaa!"

Lakini mwenyewe alikuwa ameshavaa. Alishuka ngazi, akapita mapokezi bila kumsalimu mtu, uso umemvimba, akatoka nje. Hakudai wala hakuuliza. Na mlango haujatulia, akapita nyuma yake mwanamke mtu mzima, miguu mitupu, gauni amelikusanya kwa mkono mmoja, mbio barabarani mchana kweupe kumfuata mwanaume yule.

Mama Shuka akasogea dirishani aone vita. Hakukuwa na vita. Mwanamke alimfikia yule bwana kwenye kona, akaziweka noti nyingine juu ya kiukuta kilichokuwa pale, akarudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa kuomba radhi. Mwanaume akazichukua ukutani, akavua kofia. Akavua kofia, jamani! Mama Shuka alikuwa ameolewa, akafiwa na mume, akaosha sakafu za watu wa kila aina, lakini mwanamke wa kazi ile kumkimbilia mwanaume ili amrudishie pesa ambayo hata hakuidai, hilo hakuwahi kuliona wala kulisikia.

Mwanamke akarudi, vumbi limempanda mpaka kwenye vifundo. "Nani kaingia chumbani kwangu?"

"Mimi, dada."

"Dada yako nani? Nimekuzidi kwa mbali. Niite Shangazi kama wenzako." Akamtazama usoni. "Ulitaka kuiba?"

"Haki ya Mungu, nilidhani zimedondoka!"

Shangazi akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Zimedondoka, zikajikunja, zikatembea zenyewe mpaka kwenye vidole! Mama wewe! Njoo nikufundishe nyumba uliyoingia."

Na tuseme ukweli, nyumba yenyewe haikuwa ya wasafiri sana. Vyumba vya juu vilipangishwa kwa wanawake waliopokea wanaume kwa malipo, mchana zaidi kuliko usiku, maana wanaume wengi wana kwao pa kulala. Mama Shuka alilijua hilo kabla ya kuajiriwa. Alikuja amekaza uso, amenunua glovu za mpira za kumfika viwikoni, utadhani dhambi inaambukiza kwa maji ya kufulia. Glovu zilipotoboka hakununua nyingine. Lakini tusikimbie.

Walikaa uani juu ya ndoo zilizogeuzwa, Shangazi akianika miguu yake iliyooshwa. "Watu wanadhani ugumu wa kazi hii uko kitandani," alisema. "Wapi! Ugumu uko kwenye pesa."

Akamweleza. Bei inasemwa mara moja, mmesimama mlangoni, kabla mtu hajakaa, kwa sababu akishakaa amekuwa mgeni, na mgeni hatajiwi bei. Kisha mwanamke anageuka kwenda kunawa mikono, taratibu, ili mwanaume aweke pesa chini ya bilauri bila kutazamwa. Haihesabu mbele yake. Kama noti ni kubwa anakwenda kuivunja muda uleule, si baadaye, maana mwanaume aliyekwisha kufunga vifungo vya shati ni mtu mwingine kabisa: anakumbuka nauli, anakumbuka mkewe, anapandisha sauti. Chenji inaingia kwenye kiatu cha kushoto. Na mfuko wa mteja haugusiki. Hata suruali ikianguka, inaachwa palepale ilipoanguka.

"Mkono ukionwa mfukoni," Shangazi alisema, "nani atauliza kama ulikuwa unatoa au unatia?"

"Sasa si umpe tu mkononi yaishe?"

Shangazi akanyoosha mkono wake wa kulia. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwenye kiungo, hakikunjuki. "Nilipokuwa msichana nilimpa mtu chenji mkononi. Akaona imepungua. Haikupungua, ni yeye tu hakuhesabu vizuri, lakini kufikia hapo mkono alikuwa ameshaukamata." Akauficha mkono kwenye mikunjo ya gauni. "Tangu siku ile, mkono wangu na wa mwanaume haikutani kwenye pesa. Kiatu hakimkamati mtu."

Mama Shuka aliinuka kwenda kufua, na kila akikamua shuka alikiona kile kidole.

Siku zilivyosonga akaielewa adabu ile yote, na kadiri alivyoielewa ndivyo ilivyomshangaza. Upande wa mwanaume nao ulikuwa na sheria zake. Mwanaume mwenye adabu hakagui kiatu mbele ya mwenyeji. Anavaa, vidole vinaisikia chenji, anaaga kama mtu aliyetoka kunywa chai, anakwenda kuitoa mbele ya safari. Akitaka kuacha bakshishi, anaiacha sakafuni pale viatu vilipokuwa. Mama Shuka, akifagia, mara nyingi alikuta sarafu zimekaa nyuma ya mlango, na hakuzigusa. Aliwahi kukuta sarafu pamoja na peremende. Hii sasa ni nini, alijiuliza, watu wamekuja kwa jambo ambalo hata kulitaja wanaona haya, na humo humo wanaheshimiana kuliko wakwe!

Wanawake wengine wa korido ile hawakuwa hivyo, usije ukadhani. Wimbo wao ulikuwa mmoja: "Sina chenji." Mteja anatoa noti kubwa, anaambiwa hakuna chenji, anaona aibu kusubiri mlangoni watu wakipita, anaondoka akinung'unika. Bingwa wa wimbo huo alikuwa jirani wa Shangazi, waliyembandika jina la Redio kwa kuwa hazimiki. "Chenji ni ya nini?" Redio alikuwa akisema. "Kwani mimi duka la sukari?" Shangazi alimjibu kwamba wizi wa haya za mtu ni wizi mbaya kuliko wa mfuko, na Redio alikwenda kumwigiza uani kwa sauti ya mhubiri mpaka wote wakacheka, Shangazi akiwemo.

Ili wimbo huo usipate kisingizio, Mama Shuka akawa benki. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye sarafu na noti ndogo, ujira wa nguo alizowafulia majirani. Wenye noti kubwa wakamjia uani. Siri ya mtungi muulize kata: kabla ya mwezi kupita alijua nani analipa vizuri, nani mbahili, nani alikuja na noti iliyochanika akaiunga kwa gundi. Hakumwambia mtu. Kazi ya shuka ilimfunza kunyamaza mapema.

Mteja mmoja Mama Shuka alimpenda kuliko wote, Fundi Saa. Mzee mjane, mwembamba, fulana chini ya shati hata wakati wa joto. Alikuwa na meza yake ya vioo mtaa wa pili, akitengeneza saa za mkono na za ukutani. Alikuja kila mwisho wa mwezi, mchana, kwa Shangazi tu, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Siku moja saa ya Mama Shuka ilisimama, akaipeleka. Mzee akaifungua, akafumba macho, akapitisha ncha ya kidole juu ya vyuma vile vidogo kuliko chawa, akasema, "Huyu hapa," akatoa unyweleunywele ambao Mama Shuka hakuuona mpaka alipowekewa lenzi jichoni. Hakumtoza. "Wa nyumbani hatozwi," alisema. Mama Shuka alirudi akiwasimulia watu kwamba vidole vya mzee yule vina macho.

Miaka yote Fundi Saa alipopewa chenji alikuwa na mtindo wake. Alikwenda mpaka kwenye kona, akajiegemeza kwenye kile kiukuta, akavua kiatu, akakikung'uta, akavaa tena. Wapita njia walidhani mzee ana kokoto. Mama Shuka, akianika shuka juu ya baraza, alikuwa akimtazama na kutabasamu peke yake. Lakini kwa mwaka mzima sasa mzee alikuwa akija na pesa kamili, kwa hiyo hakukuwa na chenji wala kokoto.

Basi, mwisho wa mwezi mmoja akaja na noti kubwa. Shangazi akatelemka uani, akaivunja kwa Mama Shuka. Walihesabu pamoja. Kwa kuwa noti ndogo zilikuwa zimepungua kwenye kopo, sehemu ilikuwa sarafu, zile nene zenye ukingo wa meno. Shangazi akazifunga ndani ya noti ili zisilie, kifurushi kidogo kilichobana, akapanda nacho. Alipoondoka mzee, Mama Shuka alikuwa juu ya baraza na shuka zake. Akamwona anafika kwenye kona. Akamwona anaipita kona bila kusimama, anakwenda zake. Leo ana haraka, akasema, akaendelea kubana nguo.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Fundi Saa akarudi.

Haikuwa siku yake, na hilo peke yake lilitosha kuwatoa watu vyumbani. Alipanda polepole, akasimama mlangoni pa Shangazi, kofia mkononi. Mama Shuka alikuwa anapiga deki korido, karibu nao kiasi cha kusikia.

"Shangazi, nisamehe. Jana hukunikumbuka."

"Nilikukumbuka, baba."

"Kiatu kilikuwa kitupu."

"Hakikuwa kitupu."

"Nisingekuja," mzee akasema, na kofia akaizungusha vidoleni. "Wallahi nisingekuja. Lakini ile noti haikuwa yangu yote. Iliyobaki ni ya mwenye saa, ya kununulia springi. Kaja asubuhi kuidai saa yake. Nimekosa la kumwambia."

Redio akatoa kichwa. "Kumbe hata wewe!" akapiga yowe. "Mhubiri wetu! Chenji ya kiatuni imeota mbawa!" Milango mingine ikafunguka. Na kilichofuata, funguo zikasikika ngazini. Tajiri alikuwa anapanda.

Sasa uelewe kilichokuwa hatarini. Tajiri alikuwa mpole kwa mengi, lakini alikuwa na sheria moja isiyopinda: mwanamke akitajwa na mteja kuwa mwizi, anatoka siku hiyohiyo na virago vyake. Nyumba kama ile inaishi kwa jina tu, na jina likichafuka wateja wanahamia mtaa wa nyuma. Naye Shangazi, kwa umri wake, akitoka pale ameitwa mwizi, hakuna nyumba nyingine ambayo ingemfungulia mlango. Chumba kile ndicho kilichokuwa riziki yake na makao yake. Wote koridoni walilijua hilo, hata Redio, ambaye ghafla alifunga mdomo.

"Mzee, unasema umeibiwa?" Tajiri akauliza.

Fundi Saa akatazama chini. "Nasema sikurudishiwa."

"Niliivunja mimi!" Mama Shuka akalipuka, tambara mkononi linachuruzika. "Nilimhesabia mimi kwa mkono wangu huu! Nilimwona akipanda nayo!"

"Ulimwona akiitia kiatuni?"

Hakumwona. Nani aingie chumbani saa hiyo?

"Basi, pengine mmegawana," Tajiri akasema, si kwa ukali, na hilo liliuma zaidi.

Redio akamsogelea jirani yake, akanong'ona kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mlipe tena, Shangazi. Nitakukopesha mimi. Yaishe."

"Silipi," Shangazi akasema. "Nikilipa mara mbili nimekubali kwamba mara ya kwanza sikulipa." Akamgeukia mzee. Hakuwa na hasira usoni, na Mama Shuka alishangaa hasira ile imekwenda wapi, maana yeye mwenyewe alikuwa anatokota. "Baba, nimekupokea miaka mingapi? Sitagombana na wewe. Tajiri, nipe muda nifunge vitu."

Akaingia ndani. Wakasikia sanduku likivutwa kutoka uvunguni.

Fundi Saa akageuka kuondoka, na watu wakampisha. Mama Shuka akainama na tambara lake kufuta mahali alipokuwa amesimama, afanye nini tena, machozi yamemjaa. Ndipo akaona. Kwenye saruji aliyotoka kuipiga deki palikuwa na alama ya kiatu, na alama ilikuwa na rangi. Akaigusa, akainusa. Doa la namna hiyo Mama Shuka haulizi mtu. Amelisugua kwa chumvi na maji baridi maisha yake yote.

"Mzee, simama!" akasema. "Nani kaumia? Hii ni damu."

"Damu gani? Mimi sijaumia," Fundi Saa akasema, na akapiga hatua nyingine. Akaacha alama nyingine. Ni ya mguu wa kushoto.

Shangazi akatokea mlangoni na nguo zilizokunjwa mkononi. Akatazama alama ya kwanza, akatazama ya pili, na nguo zikamwanguka. Kabla mtu hajasema neno alikuwa amemkalisha mzee kwenye kiti cha koridoni na kupiga magoti mbele yake. Akafungua kamba za kiatu. Soksi ilikuwa nyeusi, lakini imelowa mpaka inang'aa. Alipokivuta kiatu na kukigeuza, hakikutoa kitu. Akaingiza vidole mpaka mbele, akachokonoa, kikatoka kile kifurushi: noti zimegandamana, nyekundunyekundu, na sarafu zimetoboa karatasi, meno nje.

Korido nzima ikasogea kutazama. Mzee yule alikuwa ametembea juu ya zile sarafu mpaka nyumbani, akapika juu yake, akavua viatu gizani, akaamka akavaa tena, akatembea nazo asubuhi nzima na kupanda ngazi kuja kusema kiatu kilikuwa kitupu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Redio akasema polepole, na safari hii haikuwa mzaha.

"Ilikuwemo," Fundi Saa akasema. Akakitazama kifurushi. "Ilikuwemo, na mimi nimekuita... Shangazi, mwanangu..."

"Nyamaza kwanza." Shangazi alikuwa ameshavua soksi. Sitaeleza sana jeraha lile, ila Tajiri alishika ukuta. Shangazi akakichukua kidole gumba cha mguu, kizima kile, akakibana kwa kucha mbili mpaka nyama ikawa nyeupe. "Funga macho. Unasikia?"

Mzee akafumba macho. Akangoja. Wote wakangoja.

"Anza basi," akasema. "Nakusubiri."

Mama Shuka aliitazama mikono ya mzee. Vidole vilevile vya mkono vilivyosikia unywele ndani ya saa vilikuwa vimetulia juu ya goti, na huku chini mguu umekufa na mwenyewe hana habari! Mungu anaumbaje mtu namna hii, akawaza, juu macho kila mahali na chini upofu? Alitaka kulia na alitaka kupiga magoti, hakujua lipi lianze.

"Tangu lini husikii miguu?" Shangazi akauliza.

"Inakufa ganzi. Uzee tu."

"Maji unakunywa sana? Unaamka mara nyingi kukojoa?" Mzee akakubali kwa kichwa, na sasa hasira ya Shangazi ikatoka, yote, ile ambayo Mama Shuka aliitafuta asiione. "Uzee, uzee! Ni sukari hii! Mama yangu alikanyaga kaa la moto, akaendelea kusonga chakula, sisi ndio tuliosikia harufu! Walimkata mguu, wakamkata tena, nikamzika nusu! Kwa nini hukuniambia? Mwaka mzima unavulia viatu mlangoni kwangu, kwa nini hukuniambia?" Kisha alitazama kifurushi kile kiganjani mwake. "Na mimi ndiye niliyekitia. Nimekisukuma mpaka mbele kwa kidole changu."

Hakuna aliyezungumzia tena wizi. Tajiri ndiye aliyembeba mzee kushuka ngazi, mgongoni, funguo zikilia kila daraja, na watu wa mtaani wakasimama kutazama. Mama Shuka akabeba kopo lake lote la maziwa, maana hospitali hawaulizi uchungu kwanza. Shangazi alitembea pembeni na kiatu kimoja mkononi.

Walimlaza. Sukari ilikuwa imepanda kupita kiasi, daktari akasema, na wangechelewa siku chache mguu usingepona. Walikata kidole kimoja. Mguu ukabaki. Shangazi alikuwa akienda kila jioni na supu, na wauguzi walimwuliza mgonjwa huyu ni nani wake. "Ni mtu wangu," alijibu, na hawakumwuliza tena.

Zile noti, Mama Shuka alizifua. Alizilowesha kwa maji baridi na chumvi, akazipaka sabuni taratibu kama nguo za mtoto mchanga, akazianika kambani kwa vibanio, moja moja, kati ya shuka na shuka. Tajiri alipita chini yake, akaziona pesa zinapepea, akafungua mdomo kama mtu mwenye swali, kisha akaondoka. Zilipokauka Mama Shuka alizinyoosha kwa pasi akampelekea Shangazi. Hakuna aliyekuwa akizidai tena. Mwenye saa alikwenda kumwona mzee wodini, na springi ikanunuliwa kwa deni. Lakini chenji ni chenji. Shangazi akaiweka chini ya bilauri.

Fundi Saa alikuja siku alipotoka hospitali. Alikuja na fimbo, mguu mmoja umefungwa bandeji ndani ya kandambili pana. Hakupanda ngazi. Alisimama mapokezi, akavua kofia kwa Tajiri, kwa Mama Shuka, hata kwa Redio aliyekuwa ameshuka kunusa habari. Akasema amekuja kuomba radhi mbele ya watu wale wale waliomsikia akisema neno lile. Shangazi alikuwa ameshuka nyuma ya Redio akiwa amezishika zile noti na sarafu zake.

Mama Shuka alimtazama mikono. Alijua anatafuta pa kuziweka. Kiatu hakipo. Meza ya mapokezi ilikuwa palepale, mkono ungefika bila shida, na kiti kilikuwepo, na kiukuta kilikuwa nje. Shangazi aliitazama meza. Kisha akaikaribia ile mikono iliyoshika fimbo na kofia, akasema, "Baba, fungua mkono."

Mzee hakuelewa. Alijua sheria za Shangazi kuliko mtu yeyote. Alikuwa amezitii tangu nywele zikiwa nyeusi. "Weka tu mezani, mwanangu."

"Fungua mkono."

Akampa Tajiri kofia amshikie, akafungua kiganja. Shangazi akainua mkono wake wa kulia, wenye kile kidole kilichopinda, na Mama Shuka akaona Redio ameziba mdomo kwa kiganja. Noti ya kwanza ikashuka. Ya pili. Shangazi alikuwa akizihesabu kwa sauti, neno kwa neno, jambo ambalo hakuna mwanaume aliyewahi kulisikia kutoka kwake. Halafu sarafu, moja moja, kila moja akiibonyeza kidogo kwenye nyama ya kiganja.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Na hii?"

"Nasikia, mwanangu. Nasikia yote."

"Sasa zihesabu mwenyewe."

Vidole vya Fundi Saa vikajikunja polepole juu ya pesa, na juu ya mkono uliozileta, maana ulikuwa bado upo pale. Alihesabu kwa kupapasa, macho amefumba, kama anavyofanya kwenye meza yake. Ilichukua muda. Shangazi hakuuvuta mkono wake mpaka mzee alipomaliza kuhesabu.